Mahagi-Port kwa kamera: mwongozo wa kupiga picha mwalo, ziwa na vijia vya kando ya maji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande wa milima bado ni giza, lakini upande wa ziwa weupe umeshaanza kuingia. Taa za wavuvi waliokesha zinasogea moja moja kuelekea mwaloni. Akina mama wameshafika na mabeseni yao, wamejitanda vitenge kwa sababu ya baridi ya maji. Ukiwa na simu mfukoni, una kama saa moja ya kufanya kazi nzuri kuliko yote utakayofanya siku nzima. Wengi huipoteza saa hiyo kwa sababu mbili: hawakujua jua linatokea wapi, na hawakuomba ruhusa jana yake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu ya kawaida au kamera ndogo, awe mkazi wa Mahagi-Port, awe mgeni aliyeteremka kutoka Mahagi, Bunia au Aru. Hauhitaji kamera ya bei kubwa. Unahitaji kuamka mapema na kujua kusalimia.

## Kwa nini picha hizi zina kazi

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, kulikuwa na bandari ya Butiaba. Wakati wa ukoloni meli zilitia nanga pale, na iliyokuwa kubwa, Robert Coryndon, ilivusha abiria na mizigo hadi upande wa Kongo. Mapema miaka ya 1960 maji ya Ziwa Albert yalipanda kupita yalivyozoeleka. Bandari ikaharibika, meli ikazama, na Butiaba ikabaki kijiji cha wavuvi. Leo anayetaka kujua gati lilikaa wapi hana budi kutegemea picha za waliopita. Mwaka 2020 maji yalipanda tena, yakaingia katika nyumba na kufunika njia za ufukweni. Mtu wa Mahagi-Port anayekumbuka mti fulani au mstari fulani wa vibanda uliokuwa karibu na maji anaukumbuka kichwani tu, na kichwa husahau.

Sababu ya pili ni ya zamani zaidi. Miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za nchi za Nile ya juu ni zile alizopiga Richard Buchta, mtu wa Austria, mwaka 1878 na 1879. Nakala zake zimetunzwa Oxford, Uingereza. Wengi wa watu waliosimama mbele ya kamera yake hatujui majina yao. Ndiyo maana nitakusumbua sana hapa kuhusu majina, tarehe na mahali, hata kama ulichotaka ni picha nzuri ya asubuhi tu.

## Jua mji umeelekea wapi

Mahagi-Port iko ufuko wa magharibi wa ziwa, upande wa kaskazini. Kutokana na jambo hilo moja, mengine yote yanafuata.

Jua huchomoza juu ya maji, kutoka Uganda, na huzama nyuma ya milima. Kwa hiyo hapa hakuna machweo ya ziwani. Ukiona picha ya jua likizama majini na chini yake imeandikwa Mahagi-Port, iulizie vizuri: ama mpigaji alisimama ufuko wa Uganda, ama lile ni jua la asubuhi.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kama digrii mbili tu kaskazini yake, mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Kwa saa za Ituri jua huchomoza kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, kutegemea mwezi. Mahali linapotokea ndipo panapohama: mwezi wa Juni huvutika kaskazini, mwezi wa Desemba kusini. Kama unataka jua litokee nyuma ya kichwa cha mtumbwi fulani au pembeni mwa mti fulani, huenda ikakubidi kusubiri miezi.

Mwanga wa siku hujigawa hivi:

- Kabla ya jua kutoka, dakika ishirini hivi. Maji ni ya fedha na samawati, watu ni vivuli vyeusi. Huu ni wakati wa mitumbwi inayorudi na taa zake.
- Jua likishatoka, hadi saa moja na nusu. Geuka, lipe jua mgongo. Sasa mji, miti na nyuso za watu zinawaka rangi ya dhahabu. Wageni karibu wote huendelea kulikodolea jua na kukikosa kilicho nyuma yao.
- Saa tatu hadi saa tisa. Jua liko utosini, kofia hufunika macho, mabati yanameta mpaka picha inaungua. Weka simu, nenda ukaongee na watu.
- Kuanzia saa kumi jioni. Jua linapokaribia milima, mji huingia kivulini mapema, lakini ziwa na vilima vya Uganda bado vinaangazwa. Simama kivulini, piga kilichoko kwenye mwanga. Baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, ng'ambo huonekana karibu kama unaweza kuigusa.

Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, ina asubuhi za uhakika zaidi lakini vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufuta milima. Wakati wa mvua ndio wenye mawingu makubwa. Mimi huchagua mvua, nikivumilia matope.

## Ruhusa kwanza

Tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao kila mtu huuita état de siège. Hata kabla ya hapo, kupiga picha karibu na mpaka kulikuwa jambo la kutiliwa shaka. Anayekuona na kamera ufukweni hajui kama unapenda maji au unahesabu askari. Hana njia ya kujua isipokuwa umwambie kabla hajakuuliza. Ruhusa inayoombwa mapema ni mazungumzo; inayoombwa baada ya kukamatwa ni kesi.

Fuata mpangilio huu, usiuruke:

1. Jua hali ya njia. Kama unatoka Bunia kwa RN27, waulize madereva na motari wa siku hiyo hiyo, si wa wiki iliyopita. Barabara ile imewahi kufungwa na mashambulizi. Wakisema usiende, usiende.
2. Fika kwa ofisi ya chifu au ya mji kwanza. Beba kitambulisho. Sema unatoka wapi, unataka kupiga nini, kwa siku ngapi, na picha zitakwenda wapi. Kama wewe si Mkongomani, pitia pia DGM, idara ya uhamiaji, na usishangae ANR, watu wa usalama, wakitaka kukuona.
3. Omba karatasi. Barua fupi yenye muhuri, hata ya mistari mitatu. Ruhusa ya mdomo hufa mtoaji akitoka kazini jioni. Kama kuna malipo, omba risiti.
4. Mwone kiongozi wa wavuvi mwaloni. Kila mwalo una mtu anayesikilizwa. Barua ya ofisini haikufungulii mwalo. Yeye ndiye anayeufungua.
5. Tafuta mwenyeji wa kutembea naye. Kijana anayejua Kialur na Kiswahili, anayejulikana. Mlipe kwa haki, mkubaliane kabla ya kuondoka.
6. Siku ya kwanza acha kamera begini. Tembea, kunywa chai, nunua samaki. Siku ya pili utakuwa yule mtu wa jana.

SANDUKU: Hapa kamera haitoki mfukoni

- Askari wa aina yoyote, wa nchi kavu au wa majini, boti zao, kambi zao na vizuizi vya barabarani.
- Ofisi za forodha, uhamiaji na usalama, minara ya simu, na gati lenyewe kama hujaruhusiwa waziwazi.
- Watu wanaooga au kufua ufukweni, hata kama wako mbali na hata kama mwanga ni mzuri namna gani.
- Kambi na makazi ya waliokimbia vita. Sura moja ikitambulika mtandaoni inaweza kumfikia mtu aliyekuwa akimtafuta.
- Ajali ya majini, maiti, msiba, mpaka familia ikuite.
- Droni. Usiibebe kabisa.

Ukizuiwa na askari, simama, shusha simu, onyesha barua, mwite mkubwa au chef. Akitaka kuona picha, mwonyeshe. Akikutaka uifute, ifute mbele yake bila mabishano.

Kuhusu watu wa kawaida, kanuni yangu imekuwa ngumu zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Zamani niliona kundi la akina mama wakipanga samaki juu ya nyavu, nikapiga kwa haraka kutoka nyuma ya mtumbwi. Mmoja alinyanyua kichwa, akageuza mgongo, na wengine wote wakageuka naye. Sikupata picha, na asubuhi nzima hakuna aliyenijibu salamu. Kesho yake nilirudi bila kamera, nikamwendea yule yule. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau: picha za mwaloni huchukuliwa, hazirudi. Tangu hapo huwa napeleka nakala iliyochapwa kwa kila aliyenipa uso wake, na hakuna mlango uliowahi kunifungukia kwa haraka kuliko huo.

Kwa hiyo anza na salamu kamili. "Mama, habari za kuamka? Samaki wameamkaje?" Mzee mwite mzee au papa, aliyekutangulia kidogo mwite yaya. Ukishapewa ruhusa sema asante, na ukiweza, kwa Kialur, *afoyo*. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayekubali, si mtoto. Akikataa mtu, usiulize kwa nini.

## Mwaloni

Mwalo ni moyo wa mji, na picha zake zina mpangilio wake. Wengi hupiga kundi zima kutoka juu, wakapata uji wa vichwa na mabeseni. Chagua kazi moja uifuate mwanzo hadi mwisho: mtumbwi unapogusa mchanga, nyavu zinaposhushwa, samaki wanapochambuliwa, bei inapozozaniwa, pikipiki inapopakiwa kupanda mlima. Picha sita za kazi hiyo moja zitakueleza zaidi ya picha sitini za kila kitu.

Waangalie samaki wenyewe. Sangara, ambaye wengi huku humwita kapiteni, ni mwenyeji wa asili wa ziwa hili. Hakuletwa kama alivyoletwa Ziwa Victoria. Mkubwa wake akibebwa begani na kijana, weka mtu na samaki wote ndani ya picha ili ukubwa uonekane. Wadogo wanaovuliwa kwa taa usiku huanikwa wakang'aa kama vipande vya kioo: inama mpaka simu ikaribie ardhi, upige ukielekea jua. Wale wanaotiwa chumvi, makayabo, wana rangi ya majivu na maziwa. Hao wapige kivulini. Moshi wa kukaushia samaki nao ni zawadi, ukiupata na jua nyuma yake.

Tazama pia mikono. Mtu anayekataa sura yake ipigwe mara nyingi atakubali mikono yake ikishona wavu, na mikono hiyo ina habari nyingi kuliko uso unaotabasamu kwa ajili ya mgeni. Hata hivyo, omba ruhusa kwanza.

Usisimame kwenye njia ya wabebaji. Samaki huoza wakati wewe unatafuta pembe nzuri.

## Vijia vya kando ya maji

Kutoka mwaloni, vijia vya ufukweni huenda kaskazini na kusini: vingine vya wachota maji, vingine vya ng'ombe na mbuzi, vingine vya wanafunzi. Hivi ndivyo ninavyovipenda kuliko mji wenyewe. Ziwa liko mita kama 619 juu ya bahari, na milima ya magharibi inapanda juu sana kuliko hapo. Ukiwa kijiani una maji mkono mmoja na ukuta wa Bonde la Ufa mkono wa pili. Sehemu chache duniani zinakupa vyote viwili katika picha moja.

Namna ya kuipiga njia:

1. Tembea kwanza urefu wote bila kupiga. Kumbuka mahali inapopinda, inaposhuka, inapopotea mateteni.
2. Rudi usimame pale inapopinda. Njia iliyonyooka huchosha jicho, inayopinda hulivuta.
3. Shusha simu hadi usawa wa goti ili njia ianzie karibu na miguu yako.
4. Ngoja mtu apite. Mchota maji mwenye dumu kichwani, akiwa mbali na mgongo kwako, huipa njia kipimo na maana. Akiwa karibu kiasi cha kutambulika, rudi kwenye kanuni ya salamu.
5. Nyoosha mstari wa maji. Ziwa lililoinama huonekana kama litamwagika.

Sasa tahadhari, na hapa sitaki uruke hata mstari mmoja.

Kichocho. Fuko za Ziwa Albert zina kichocho cha tumbo kwa wingi. Minyoo hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi kwa dakika chache tu, hasa jua la mchana likiwa kali. Usiingie majini hadi vifundoni kwa ajili ya picha, hasa penye nyasi na maji yaliyotulia. Vaa buti za mpira. Kama umeingia, jifute upesi, na baadaye nenda kituo cha afya ukawaambie. Dawa yake, praziquantel, inajulikana.

Mamba na viboko. Wote wawili wamo ziwani. Usichuchumae ukingoni na macho yako yakiwa kwenye kioo cha simu. Kiboko hupita njia ile ile jioni kwenda malishoni na alfajiri kurudi; ukiwa kati yake na maji umekosea mahali. Waulize wenyeji njia zake ziko wapi.

Radi na upepo. Wingu jeusi likishuka kutoka milimani una muda mfupi kuliko unavyodhani. Ukiona wavuvi wanavuta mitumbwi juu, funga begi.

Mtumbwi. Kupiga mji kutoka majini kunavutia, kwa sababu ndivyo mvuvi anavyouona akirudi. Fanya hivyo asubuhi tu, kwa jaketi la kuokolea lililofungwa mwilini, karibu na ufuko, na nahodha aliyechaguliwa na kiongozi wa mwalo. Mpaka na Uganda uko ziwani na hauna alama juu ya maji. Wavuvi wa upande huu wamekamatwa mara nyingi kwa kuuvuka. Picha haifai hatari hiyo.

Wadudu wa ziwa. Siku nyingine utaona nguzo ya moshi ikitembea juu ya maji mahali pasipo na moto. Ni mamilioni ya wadudu wadogo. Wapige wakiwa mbali. Wakifika, funika simu na mdomo.

## Alama za mji

Hapa sitakaa sana. Makanisa, soko, majengo ya zamani, miembe ya vivuli vikubwa, barabara inayopanda kuelekea Mahagi: hivi hupigwa asubuhi kwa sababu vingi vimelielekea ziwa. Kanisa lipige kukiwa na watu wanaotoka ibadani, kwa ruhusa ya padri au mchungaji. Kuta tupu hazina sauti. Soko lipige kutoka ndani ya kibanda kuelekea nje, ili paa likukinge na jua na mwenye kibanda awe mwenyeji wako.

Kuna alama moja isiyoonekana ambayo ningependa uijue. Jina la bandari hii limo katika mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Ukanda wa kilomita 25 kwa upana, kutoka kilele kinachogawa maji ya Kongo na ya Nile hadi ufuko wa ziwa, pamoja na bandari ya Mahagi, uliachwa mikononi mwa Kongo. Leopold alipofariki Desemba 1909, eneo la Lado lililokuwa kaskazini lilirudishwa kwa Waingereza mwaka 1910, lakini ukanda huu ukabaki. Waalur wakajikuta pande mbili za mstari, na bado wanavuka kuoana, kuzika na kuuza. Mstari hauwezi kuupiga. Unaweza kupiga, ukiruhusiwa, nyumba yenye ndugu wa pande zote mbili siku ya sherehe.

## Simu yenyewe

Mipangilio michache inatosha:

- Futa lenzi kwa kitambaa safi. Mafuta ya samaki juu ya lenzi ndiyo chanzo cha nusu ya picha zenye ukungu.
- Washa mistari ya kugawia picha. Weka maji chini au juu ya katikati, si katikati.
- Gusa kioo mahali unapotaka paonekane vizuri, kisha teremsha mwanga kidogo kwa kidole. Anga iliyoungua hairudi. Kivuli chaweza kuinuliwa baadaye.
- Kwa watu weusi dhidi ya anga angavu, gusa uso, si anga. Simu nyingi hupima anga na kuacha sura nyeusi tii.
- Usivute karibu kwa vidole. Tembea.
- Zima flashi mwaloni. Huwaudhi watu na haifiki popote.
- Zima saa ya kujirekebisha yenyewe. Ituri iko saa moja nyuma ya Uganda. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo, saa hubadilika, na picha za asubuhi moja hujiandika kama za nyakati mbili. Kadi yako ya simu pia yaweza kutozwa bei ya nje ya nchi.
- Zima alama ya mahali kabla ya kumpiga mtu yeyote aliye hatarini.

Umeme si wa kutegemea. Chaji usiku uliotangulia, beba betri ya ziada, ujue nani ana sola ya kuchajisha simu. Funga simu ndani ya mfuko wa plastiki wenye kufungika.

## Picha ya mahali pamoja, mwaka mzima

Kama ungefanya jambo moja tu kutoka mwongozo huu, ningekuomba lifanywe hili. Ziwa linapanda na kushuka polepole, na jicho la mkazi huzoea. Kamera haizoei.

1. Chagua mahali pasipohama: kona ya ukuta wa jiwe, mwembe mkubwa, ngazi za kanisa.
2. Weka alama ya mahali pa kusimama, na urefu wa simu, tuseme kifuani.
3. Chagua vitu viwili vya kudumu vitakavyokaa kingo mbili za picha kila mara, kama mti kushoto na kilima kulia.
4. Piga tarehe ile ile ya kila mwezi, saa moja kamili asubuhi, mvua isimame au inyeshe.
5. Kila mara hesabu hatua zako kutoka mahali hapo hadi kwenye maji. Tumia mtu yule yule, kwa kuwa hatua hutofautiana.
6. Fungua picha ya mwezi uliopita kabla ya kupiga mpya, uzilinganishe pale pale.

Shule inaweza kulifanya hili kwa simu moja ya mwalimu na daftari moja. Wanafunzi wa darasa linaloanza watapokea kutoka kwa waliomaliza.

## Makosa niyaonayo mara kwa mara

- Kumpa mtoto pesa ili asimame. Kesho wataacha shule waje ufukweni.
- Kuahidi kuleta picha na kutoileta. Ukijua hutarudi, usiahidi.
- Kupiga mabanda mabovu peke yake, kana kwamba hapa hapajengwi, hapaolewi, hapaimbwi.
- Kuongeza rangi mpaka ziwa likawa la samawati ya rangi ya mlango. Maji ya hapa mara nyingi ni kijani na kijivu, yaache hivyo.
- Kurusha picha mtandaoni ukiwa bado pale pale ufukweni. Subiri uondoke.

## Kabla hujatoka nyumbani

☐ Kitambulisho na barua yenye muhuri, pamoja na nakala
☐ Habari za njia za leo
☐ Mwenyeji ameshajua saa ya kukutana
☐ Betri imejaa, nafasi ya picha ipo
☐ Buti, kofia, maji ya kunywa, mfuko wa plastiki
☐ Daftari na kalamu
☐ Picha zilizochapwa za safari iliyopita, kila moja na jina la mwenyewe

## Kuhifadhi na kuandika

Siku hiyo hiyo jioni, nakili picha mahali pengine: kadi ya kumbukumbu, kompyuta ya rafiki, au intaneti ikiwepo. Simu moja ikianguka ziwani isizame na mwaka mzima.

Futa zilizo mbaya, ubakize chache. Kila unayoibakiza iandikie: mahali, tarehe, saa, nani yumo kama amekubali jina lake litajwe, na kinachofanyika. Ziwa nalo liandike kwa majina yake, kwa maana atakayetafuta baadaye hujui atatafuta kwa jina gani: Albert, jina alilolipa Samuel Baker mwaka 1864, Mwitanzige kwa Wanyoro, Onekbonyo kwa Waalur, na katika karatasi za miaka ya Zaire, Lac Mobutu Sese Seko.

Picha ya karatasi andika mgongoni kwa penseli, kwa sababu wino huvuja kwenye unyevu. Mfano wa maandishi yanayotosha:

*Mahagi-Port, njia ya wachota maji kaskazini mwa mwalo. Tarehe 14 Februari, saa moja kamili asubuhi. Nimesimama shina la mwembe mkubwa. Maji yako hatua kumi na nane. Mwezi uliopita, ishirini na tatu. Mama aliye mbele amekubali, nakala yake nimempa.*